Bei ya Dizeli Ipimwe Mlimani

Simama kando ya barabara kuu pale Iyunga, Mbeya, asubuhi yoyote, utaelewa kwa nini watu wa huku wanaiamini dizeli. Malori ya kwenda Tunduma yanapita moja nyuma ya jingine, na mengine yanarudi na shaba ya Zambia na Kongo. Stesheni ya TAZARA ya Mbeya iko hapo hapo, kwenye reli ambayo tangu ifunguliwe mwaka 1976 imevutwa na vichwa vya dizeli. Hata bomba la TAZAMA linalopita nyanda hizi kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola, lililojengwa mwaka 1968 kwa ajili ya mafuta ghafi, tangu 2023 linasafirisha dizeli. Mtoto wa hapa anakua akiona kila kizito kinachopanda mlima kinapandishwa na dizeli.

Imani hiyo imehamia kwenye gari la familia. Ulizia Noah au Prado iliyotumika hapa Mbeya, utamsikia dalali akianza na neno dizeli kabla hajakutajia hata mwaka wa gari, na bei inapanda kwa mamilioni kwa ajili ya neno hilo. Wanaolipa mamilioni hayo si matajiri. Ni walimu wenye mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka, wafanyabiashara wa mchele wa Kyela na Mbarali, wakulima wa viazi wa Uporoto, akina mama wenye maduka Soweto na Kabwe. Gari likifa injini ndani ya mwaka wa kwanza, makato ya mkopo hayasimami. Familia inarudi kwenye bajaji huku ikilipia gari lililoegeshwa uani.

Msimamo wangu ni huu. Kwa familia nyingi za jijini Mbeya, dizeli iliyotumika haistahili nyongeza inayoombwa. Kwa zile ambazo inazifaa kweli, bei yake iamuliwe na injini ikiwa baridi na ikiwa mlimani.

Tuanze na hesabu, maana dizeli husifiwa kwanza kwa kubana mafuta. Sifa hiyo ni ya kweli. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa takriban asilimia 10 hadi 12, na injini yake, inayowasha mafuta kwa kugandamiza hewa badala ya cheche ya plagi, inatumia nishati hiyo kwa ufanisi zaidi. Tuseme gari la petroli linakwenda kilomita 9 kwa lita, na la dizeli la ukubwa ule ule kilomita 12. Tuseme pia, ili hesabu iwe nyepesi, lita ya kila moja ni shilingi 3,000. Katika kilomita 100 la petroli linakunywa lita 11 na kidogo, la dizeli lita 8 na kidogo. Unaokoa kama shilingi 8,300.

Sasa jiulize unaendesha kilomita ngapi kwa mwaka. Mtu anayekaa Iyunga, anapeleka watoto shule, anakwenda kazini mjini, anapita sokoni Mwanjelwa na Jumapili anakwenda ibadani, mara nyingi hafiki hata kilomita 10,000 kwa mwaka. Akifika, ameokoa shilingi 830,000 hivi. Kama dizeli ilimzidi bei kwa milioni 6, atahitaji miaka 7 kuirudisha hiyo tofauti, tena bila kuhesabu kwamba injini nyingi za dizeli zinameza oili nyingi zaidi kila sevisi, na kwamba chujio la dizeli halivumilii kusahauliwa. Mwenzake anayekwenda Kyela kila wiki kununua mchele, au anayepanda na kushuka Chunya, Tunduma na Makambako mpaka mita ikasoma kilomita 25,000 kwa mwaka, anaokoa zaidi ya milioni 2. Huyo miaka 3 haiishi kabla fedha yake haijarudi. Magari ni yale yale, bei ni ile ile, lakini mmoja amenunua vizuri na mwingine ametupa fedha.

Zamani hesabu hii iliibeba dizeli zaidi, kwa sababu bei yake kituoni ilikuwa chini. Sasa si jambo la kutegemea. Mdhibiti wa bei za mafuta, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2023 ilikuwepo miezi ambayo dizeli iliipita petroli. Anayenunua gari la miaka kumi ijayo asiweke hesabu yake juu ya tofauti ya bei inayogeuka kila mwezi. Kuna jambo jingine ambalo wengi wamelisahau: mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo asiyeendesha sana halipi sana. Kwa mtu wa safari fupi hilo ni nafuu hata akiwa na petroli, kwa sababu gari lake likilala uani halidaiwi ada hiyo.

Sehemu ya bei ya dizeli haina hata uhusiano na ubora. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingizwa nchini unapangwa kwa ukubwa wa injini: kati ya sisi (cc) 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, juu ya 2,000 ni asilimia 10. Noah ya zamani ya petroli yenye injini ya 3S ina sisi 1,998. Ndugu yake wa dizeli, mwenye 3C, ana 2,184. Kwa sisi hizo chache amevuka mstari. Aliyeliingiza alilipa, akamrushia mnunuzi wa kwanza, naye leo anakurushia wewe.

Niendelee na Noah, maana ndiyo gari la familia la nyanda hizi. Inabeba watoto, bibi, magunia na msiba. Jambo ambalo dalali hatalitaja ni kwamba Noah ya dizeli ni lazima iwe ya zamani. Toyota ilipotoa Noah mpya mwaka 2001 iliitoa kwa petroli pekee. Kwa hiyo kila Noah ya dizeli unayoiona, hata ikiwa na namba ya usajili ya mfululizo wa D na rangi inayong'aa, ilitoka kiwandani zaidi ya miaka 20 iliyopita. Namba ya usajili inakueleza siku iliyoingia kwenye vitabu vya Tanzania, haisemi imezaliwa lini. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, nao ndio wa kusoma.

Na magari haya yalitufikiaje kwa wingi namna ile? Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa yenye masizi ya dizeli, akieleza kwamba hayo ndiyo wanayovuta wakazi wa jiji lake. Mwaka 2001 Japani ikatunga sheria kali zaidi ya moshi kwa maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya, na magari ya abiria ya dizeli yasiyokidhi viwango yakawa hayawezi tena kusajiliwa huko. Mengi yakapakiwa melini. Silisemi hili kuyatukana. Mengi yalikuwa magari mazima kabisa, na yametulea. Ila tukumbuke kwamba bei yake haikuwa nafuu bandarini kwa bahati. Nayo masizi yale hayakubaki Japani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Watoto wanaotembea kwenda shule kando ya barabara ya Iyunga wanauvuta kila siku kutoka kwenye malori ambayo hatuna uwezo wa kuyaondoa. Gari la nyumbani linalotoa moshi mweusi tunaweza kukataa kulinunua.

Sasa tupande mlima, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (turbo) inakosa hewa ya kuchoma mafuta, inatoa moshi mweusi na inachoka mlimani. Yenye tabo inajazia upungufu huo, kwa gharama ya joto. Na joto ndilo adui mkubwa wa dizeli za familia tulizonazo. Injini ya 3C yenye tabo iliyomo kwenye Noah, na 1KZ ya lita 3 iliyomo kwenye Prado na Surf za miaka ya 1990, zote zina silinda hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu inapopata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiichemsha injini mara moja tu, hedi inaweza kupinda au kupata ufa kati ya vali, maji yakaingia kwenye silinda, na kuanzia hapo gari linadai maji kila safari mpaka siku linapogoma.

Mtu anayetoka Kyela, karibu mita 500, akarudi Mbeya kupitia Tukuyu, anapanda zaidi ya mita 1,700 kabla ya kushuka Uyole, gari likiwa limejaa watu na ndizi. Kipimo kigumu kuliko hicho kwa rejeta ni vigumu kukipata, labda Kitonga kule Iringa. Tena maji ya huku yanachemka mapema. Kwenye sufuria ya wazi hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka, ambao pwani gari lingeuvumilia, huku unaweza kukuulia hedi. Kwenye Noah mambo ni magumu zaidi kwa sababu injini imekaa chini ya viti vya mbele, mabomba ya maji ni marefu, na fundi asiyejua kutoa hewa kwenye mfumo anaacha povu ndani, ambalo baadaye linasimamisha mzunguko wa maji bila mshale wa joto kuonyesha mapema.

Ndiyo maana sishauri mtu aangalie bodi kwanza. Nenda alfajiri, bila kutangaza saa kamili, ukamwambie muuzaji usiku ule asiliwashe. Mbeya mwezi Juni na Julai asubuhi inashuka chini ya nyuzi 10, na dizeli yenye mgandamizo dhaifu, plagi za joto zilizokufa au nozeli mbovu haiwezi kujificha kwenye baridi hiyo. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa: rudi siku nyingine au usirudi kabisa. Fungua rejeta ikiwa bado baridi uangalie maji. Yakiwa na rangi ya kutu, ujue gari limelishwa maji ya mfereji kwa miaka. Yakiwa na mafuta mafuta juu, funga mfuniko, msalimie mwenye gari kwa heshima, ondoka. Uliza pia kama themostati ipo. Mafundi wetu wengi huing'oa gari linapoanza kuchemka, na kung'olewa kwake ni ushahidi kwamba liliwahi kuchemka.

Likiwaka, tazama ekzosi. Moshi mweupe kidogo kwenye baridi ni kawaida, lakini unaoendelea injini ikiwa imeshapata joto ni maji au mafuta yasiyoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi mzito ukikanyaga unaelekeza kwenye nozeli, pampu au uhaba wa hewa. Kisha fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma. Ukiona inapumua kwa nguvu, inarusha oili na kusukuma mfuniko, ringi zimekwisha, na bei unayotajiwa haijahesabu ovahoo unayoikaribia.

Halafu panda. Pakia watu, si wewe na dalali peke yenu. Teremka Iwambi mpaka Mbalizi, geuka, upande kurudi Iyunga ukiangalia mshale wa joto. Ukiweza, panda barabara ya Chunya kuelekea Kawetere. Ukifika juu, usizime papo hapo. Simama, acha iungurume, angalia kama mshale unapanda baada ya kusimama, sikiliza kama maji yanabubujika kwenye chupa ya akiba. Muuzaji asiyetaka gari lake lipande mlima ameshakujibu. Nimesikia watu wakisema ni aibu kumsumbua mtu hivyo, hasa akiwa jirani au mnasali pamoja. Sikubaliani nao hata kidogo. Aibu kubwa zaidi ni wewe na jirani yako kuacha kusalimiana kwa ajili ya injini iliyokufa wiki ya tatu baada ya mauziano.

Zipo pia dizeli za kisasa: Prado za injini ya 1KD na zilizofuata, X-Trail za dizeli, Mazda CX-5 ya lita 2.2 iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Hizi ni injini nzuri, tulivu, zenye nguvu mlimani. Nina wasiwasi nazo kwa sababu nyingine. Mafuta yanasukumwa kwenye nozeli kwa mgandamizo wa zaidi ya mara elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta, kupitia matundu ambayo jicho huyaona kwa shida. Tone la maji au vumbi kwenye dizeli ya dumu, ile inayouzwa pembeni kwa bei ya chini, linaweza kuua nozeli zote 4. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kulikuwa kumeenea kiasi kwamba vinasaba vya kuyatambua mafuta halali vilianza kuwekwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya uchakachuaji ife. Hali imekuwa bora tangu hapo. Kiwango cha salfa nacho kimeshuka: nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Lakini mengi ya magari haya yalibuniwa kwa dizeli ya Japani yenye sehemu 10, na yana chujio la masizi kwenye ekzosi linalojisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi gari likiwa kwenye mwendo mrefu wenye joto. Mpe gari hilo mtu wa Iyunga anayekwenda Kabwe na kurudi, kwenye foleni ya Mafiati, injini haijapata joto sawasawa imeshazimwa. Chujio linaziba. Fundi analitoboa, taa kwenye dashibodi inazimwa kwa ujanja, na gari linauzwa kwa mwingine likiwa "halina tatizo".

Niliseme na hili kuhusu mafundi, kwa kuwaheshimu. Iyunga na Mwanjelwa zina mafundi wa dizeli ambao nchi nzima ingejivunia, watu wanaoshusha injini ya lori kando ya barabara usiku wa mvua na asubuhi likaendelea na safari. Ustadi huo umejengwa kwenye pampu za malori. Dizeli mpya ya familia inataka kompyuta ya kupimia, mashine ya kupima nozeli moja moja, na chumba kisicho na vumbi. Kabla hujalipia CX-5, mtafute kwanza fundi atakayeishika, umuulize ana kifaa gani, na nozeli moja anaipata wapi kwa bei gani. Ukikosa jibu, chukua ya petroli na moyo wako utulie.

Kwa anayeendesha mbali na kubeba uzito, nasema nunua dizeli, tena ya zamani ukipenda, ila ingia kwenye mapatano ukiwa na bei ya silinda hedi, ya gasketi yake na ya ufundi, ulizoziulizia Mwanjelwa kabla hujaenda kuliona gari. Kama mwenye gari hawezi kukuonyesha risiti ya kazi hiyo, gharama hiyo itoke kwenye bei anayotaja. Akikataa, tofauti yenu si ndogo, na Noah nyingine ipo.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mzigo wote huu umewekwa juu ya mnunuzi peke yake. Japani gari hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na kilomita zake huandikwa kwenye cheti. Uingereza mtu yeyote huweza kuingiza namba ya gari mtandaoni akaona mita yake ilisoma ngapi kila ukaguzi. Hapa kwetu gari likishapata namba, hakuna anayeandika tena. Mita inarudishwa nyuma uani kwa mtu, na Prado ya kilomita 300,000 inauzwa ikiwa na 120,000. Na dawa haihitaji ofisi mpya. Kila gari halali hukata bima kila mwaka, na stika ya bima siku hizi huhakikiwa kwa simu kupitia mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA. Wakala wa bima apige picha ya mita, namba iingizwe kwenye mfumo huo huo, na mnunuzi aweze kuisoma kwa simu yake kabla ya kwenda kwa wakili kuandikisha mkataba wa mauziano. Wabunge wa jiji hili wanalo la kuuliza bungeni, na madiwani wa kata zilizoko kando ya barabara hii wanajua ni familia ngapi zimeumia. Waanze na hilo la picha ya mita.